Mtu wa Kumi

"Na hayo maji mnayoloweshea hicho kitambaa ni maji ya nani?" Abdoulkarim alikuwa ameshika nondo za dirisha langu kwa mikono miwili, kichwa chote kimeingia ndani. "Tangi ni moja, bweni Zoubeida. Mvua iliponyesha haikusema hii ya Abdoulkarim, hii ya matambara."

"Kijiko kimoja! Kijiko kimoja kwa siku. Wewe ukitawadha unamwaga ndoo nzima."

"Mimi natawadha kwa ajili ya Mungu. Hiyo chupa yenu inatawadha kwa ajili ya nani?"

Watu walishaanza kusimama. Kichochoro chetu cha Badjanani, hapa Moroni, ni chembamba. Wawili wakigombana wa tatu hapiti, basi inambidi asikilize, na akishasikiliza lazima atoe maoni. Abdoulkarim akawageukia.

"Mmeona? Vioo viwili ukutani, kimoja kimevishwa sanda, na chini yake chupa. Mara tatu kwa siku msichana anakuja, anakodoa macho, anaandika. Kama si uganga ni ujasusi. Na huo ukuta ni wangu pia!"

"Ukuta wako tangu lini? Ukuta wa mkeo. Wewe umeoa tu."

Hapo walicheka, maana ni kweli. Kwetu Ngazija mwanamke wa heshima anaitwa bweni, na nyumba ni yake. Yangu niliachiwa na bibi mzaa mama, na ya jirani ni ya shoga yangu Djaouharia. Abdoulkarim ni mume wa Djaouharia, na mali yake pale ni duka la mbele, mizani, na mdomo.

Lakini yeye hakucheka. "Sawa. Na msichana mwenyewe ni wa wapi? Semeni."

Ilikuwa Aprili 1999. Ndugu zetu wa kisiwa cha Nzwani walikuwa wamejitenga karibu mwaka wa pili, wana bendera yao na bunduki zao, na swali la "wa wapi" lilikuwa si swali tena.

Nadjati alikuwa wa Mutsamudu, mji mkuu wa huko Nzwani. Miaka ishirini na minne, mwembamba, hana maneno. Alikuwa anasomea usanifu wa majengo kwenye chuo kimoja cha Antananarivo. Si ule wa kuchora nguzo na ngazi. Yeye alisoma jinsi nyumba inavyopumua, hewa inaingilia wapi na kutokea wapi, maji yanakaa vipi, joto linapita wapi bila feni wala umeme. Alitaka kuonyesha kwamba vyumba vya zamani kama changu, vyenye kuta nene za mawe na matundu juu chini ya dari, vinapoa kuliko hizi nyumba mpya za saruji na bati ambazo watu wanajengewa kwa fedha za ndugu walioko Marseille. Walimu wake walisema: tuletee chumba kimoja, miezi kumi na miwili, mara tatu kwa siku, bila kukosa. Alianza Oktoba.

Vile vioo viwili vilikuwa vipimajoto. Kikavu kilisema joto. Kile chenye kitambaa kibichi kilisema hewa imebeba maji kiasi gani. Nilimweleza Abdoulkarim hivyo mara nne. Mara ya nne akasema, "Joto? Mimi nakwambia bure: kuna joto," akarudi dukani.

Baada ya siku chache habari zikaja kutoka mkutano wa Antananarivo wa kusuluhisha visiwa: wajumbe wa Nzwani wamekataa kutia sahihi. Vijana wa Moroni wakajaa barabarani. Walisimamisha teksi, wakawaambia watu waseme maneno mawili matatu ili wasikie lafudhi. Mwenye lafudhi ya Nzwani alishushwa.

Mimi nilizaliwa Majunga, huko Madagaska. Mwaka 1977, baada ya watu wetu kuchinjwa kule, ndege zilituleta hapa, na mpaka leo tunaitwa Sabena kwa jina la ndege hizo. Basi sihitaji kuelezwa makelele ya namna ile yanaishia wapi. Nilimfunga Nadjati leso yangu, shiromani yake, ile nguo ya wanawake wa Nzwani, nikaitia chini ya mchele, nikamketisha chumba cha ndani.

Walifika kichochoroni adhuhuri, kama kumi na tano, wana fimbo. Nilichungulia dirishani. Abdoulkarim alikuwa amesimama mlangoni mwa duka.

"Mzee, yule Mnzwani yuko nyumba gani?"

"Mimi nauza sukari," akasema Abdoulkarim. "Mnataka sukari?"

"Tumekuuliza Mnzwani."

"Na mimi nimewajibu sukari."

Wakaondoka. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ushujaa au ilikuwa sukari tu, na sikumuuliza, kwa sababu tulikuwa hatusemeshani.

Alfajiri ya pili nilimsindikiza Nadjati bandarini, ambako Wanzwani wenzake walikuwa wamelala juu ya mabegi wakingoja meli. Hakulia. Alinipa daftari lenye jalada la buluu akalikandamiza kifuani pangu kwa viganja viwili.

"Imebaki miezi mitano, Mama Zoubeida. Mei mpaka Septemba. Siku zikikatika, mwaka mzima umekufa, na nafasi yangu chuoni anapewa mtu mwingine. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku. Kitambaa kisikauke. Andika kikavu, andika kibichi."

"Basi?"

"Basi."

"Mwanangu, hilo limekwisha."

Shule sikupata. Herufi na tarakimu nilijifunza sokoni Majunga, kwa kusoma magunia. Lakini nikisema limekwisha, limekwisha. Mwisho wa mwezi huohuo jeshi lilichukua nchi, redio ikapiga nyimbo za gwaride kutwa, na saa nane mchana mimi nilikuwa mbele ya ukuta na kalamu. Mwezi wa Juni nilipata malaria. Nikasoma nimeshikwa kwapa na Djaouharia. Msimu wa harusi kubwa ulipofika, mimi nilikuwa mwanamke pekee Moroni aliyetoka kwenye toirab, yaani taarab ya harusi, saa mbili kasorobo, dhahabu zote mwilini, viatu mkononi, nikikimbia kwenda kutazama kioo. Watu wakasema Zoubeida kapata bwana. Nikawaacha waseme, umbea mzuri haukatwi.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Nambari ikikaa peke yake kwenye ukurasa inatia huruma. Nikawa naiandikia watu. Nyumba yangu haijawahi kuwa tupu: chumba kile ndicho chenye ubaridi, kwa hiyo majirani wote, Djaouharia, Naïma na dada zake, wanakuja kukaa mlemle, wengine kuanzia asubuhi. Nadjati alikuwa na tabia ya kututoa uani kila kabla ya kusoma, nami nilidhani ni haya za kisichana, hapendi kutazamwa. Mimi sina haya hizo. Nilisoma katikati ya wageni, nikaandika.

*11 Juni, saa nane. Kikavu 28 na nusu, kibichi 25. Djaouharia, Naïma na dada zake wawili, na mchumba mpya wa Oumaima, binti wa jirani, anakula kama mvua. Naïma kaapa harudi kwa mumewe hata aletewe ng'ombe.*

*2 Julai, saa nane. Kikavu 29, kibichi 25. Saba. Naïma karudi kwa mumewe. Ng'ombe hakuna.*

Septemba 30, saa mbili usiku, nilipiga mstari chini ya nambari ya mwisho. Daftari hilo sikumwamini mtu kulibeba. Simu za Nzwani zilikuwa za kubahatisha na barua ndiyo kabisa. Basi wiki iliyofuata nikapanda meli ya mizigo, mimi na magunia ya vitunguu, mpaka Mutsamudu.

Na huko mgeni nikawa mimi. Bandarini kijana mmoja mwenye bunduki, wenzake wakimwita Chadhouli, alisikia salamu yangu tu akajua natoka wapi.

"Mngazija. Fungua begi."

Nikafungua. Akalitoa daftari, akapekua, uso ukabadilika. "Nambari hizi ni za nini? Askari?"

"Joto."

"Joto gani linaandikwa mara tatu kwa siku?"

"Soma, baba. Umesoma shule, soma."

Akasoma. Akarudi nyuma kurasa mbili, akakaa juu ya gunia la vitunguu, bunduki magotini. Nilimwona midomo ikicheza. Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika.

"Huyu Naïma," akasema mwishowe. "Alirudi au hakurudi?"

"Fungua Julai."

Akafungua Julai. Akapiga paja. "Nilijua! Nilijua tangu Juni!" Akanirudishia daftari. "Pita, bweni. Ila akiachika tena tuletewe habari."

Nadjati alikuwa mtaa wa Hombo, karibu na hospitali, kwa mama yake. Nilipofika alinikumbatia mpaka mgongo ukalia. Tukakaa mkekani, akafungua daftari, na mimi nikakaa kama mtu anayengoja kusifiwa. Kidole chake kilishuka na safu ya Mei. Kikashuka na Juni. Kwenye Julai kikasimama.

"Mama Zoubeida, Julai Moroni kulikuwa na joto?"

"Joto? Nilivaa sweta asubuhi."

"Mbona chumba kina digrii ishirini na tisa? Chumba kile, mwezi wa baridi, kinaonekana kama Machi."

"Si tulikuwa wengi?"

Akafunga daftari polepole, kama unavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Mtu mmoja aliyekaa tu," akasema, "anatoa joto la balbu kubwa ya umeme."

"Na anayesema?"

"Zaidi kidogo."

"Basi kwangu ziliwaka taa za uwanja wa mpira."

Mama yake alicheka. Nadjati hakucheka, na hapo ndipo nilipoelewa. Zile mara alizotutoa uani hazikuwa haya. Miezi yake saba ni ya chumba kitupu, na miezi yangu mitano ni ya chumba kilichojaa, na huwezi kuzipanga kwenye mstari mmoja, kama usivyoweza kupima mchele mara mkavu mara uliopikwa. Walimu walitaka kazi kabla ya mwisho wa Desemba. Miezi mitano mingine haikuwepo. Nilikimbia harusi zote zile, na kumbe nilikuwa namharibia.

"Nisamehe, mwanangu."

"Sikukwambia," akasema. "Mimi ndiye sikukwambia."

Kisha akalifungua tena daftari, si kwa nambari sasa. Akasoma majina. Akageuza kurasa kwa haraka, huku na huku.

"Umeandika kila siku nani alikuwepo?"

"Kila saa."

"Hapa umeandika 'saba'. Na hapa, 'akina Naïma'. Akina Naïma ni wangapi?"

"Tarehe ngapi?"

"Tarehe ishirini Agosti, mchana."

"Wanne, na mtoto mgongoni. Dada yake mkubwa alikuwa kanuna, alikaa karibu na mlango."

Akanitazama kama aliyeona maji yakitoka kwenye jiwe. "Unakumbuka?"

"Mwanangu, mimi nasahau deni la Mungu. Nani alikaa wapi sisahau."

Siku tatu tulikaa juu ya ule mkeka. Yeye anasoma tarehe, mimi nasema vichwa. Umeme ulikuwa ukikatika kila mchana, chumba chao cha saruji kikawa tanuri, tukahamia barazani na daftari letu. Kila ukurasa ukapata safu mpya: watu. Na kadiri safu ilivyojaa ndivyo uso wake ulivyokaza, lakini mkazo mwingine, wa mtu aliyeona njia.

"Nilikuwa napeleka chumba kitupu," akasema siku ya tatu. "Nani Moroni anaishi kwenye chumba kitupu? Nitawapelekea vyote viwili. Kinavyopoa kikiwa peke yake, na kinavyohimili watu." Akagonga karatasi kwa kalamu. "Imebaki kitu kimoja. Lazima nijue kila mtu anaongeza kiasi gani, chumba hichohicho. Hesabu ya vitabuni haitoshi, wataniuliza nimeipima wapi. Na mimi Moroni siwezi kukanyaga."

"Mimi nakanyaga popote. Sema."

"Siku tatu kikae kitupu. Siku ya nne, watu watano, wawe ndani ifikapo saa saba, na kuanzia hapo mtu asitoke wala asiingie mpaka saa nane usome. Siku ya tano, watu kumi. Kumi kamili."

"Kitupu vipi?"

"Kitupu. Hata wewe unaingia, unasoma, unatoka."

Angeniomba dhahabu yangu ya harusi ningeivua palepale. Siku tatu! Tangu bibi yangu afe, chumba kile hakijakaa saa tatu bila mtu.

"Limekwisha," nikasema, lakini sauti ilitoka ndogo.

Nilirudi Moroni Novemba, meli ilipopatikana, nikaweka kiti mlangoni, nikawa mlinzi wa nyumba yangu mwenyewe. Anakuja Naïma, namrudisha. Wanakuja dada zake, nawarudisha. Djaouharia alidhani nimefiwa, akaanza kulia kabla ya kujua ni nani. Nililala uani. Siku ya pili niliposikia mlango wangu ukifungwa na hakuna aliyesema "hodi," nilitaka kulia na mimi. Lakini saa nane nilisoma: 28 kavu. Nikaandika nambari peke yake, nikaiombea radhi.

Siku ya tatu Abdoulkarim alikuja dirishani. Miezi saba tulikuwa hatujasemeshana.

"Bweni Zoubeida. Nyumba yako imekufa?"

"Imepumzika."

"Basi iamke. Mke wangu yuko nyumbani siku ya tatu. Habari zote alizokuwa anakuletea wewe ananihadithia mimi. Nani kaachika, nani kavimba mguu. Mimi nina duka!"

"Kesho, Abdoulkarim. Vumilia mpaka kesho."

Siku ya nne waliingia watano. 29 kasoro kidogo. Siku ya tano, Alhamisi, nilipika tangu alfajiri: mataba, majani ya muhogo yaliyochemka kwenye tui mpaka yakawa laini, na wali, na samaki wa kuchoma. Mtu huwezi kumfungia chumbani saa nzima bila chakula. Hilo hata chuo cha Antananarivo hakihitaji kufundishwa. Niliwaalika tisa, na mimi wa kumi. Saa saba kasorobo nikahesabu vichwa. Nane, na mimi tisa.

"Naïma yuko wapi?"

"Naïma kaachika tena," akasema dada yake. "Jana usiku. Kaka zetu wamempeleka Mitsamiouli kusuluhishwa."

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nikakimbia mlangoni. Kichochoro kilikuwa cheupe kwa jua, hakuna hata paka. Saa hiyo kila mtu yuko kwenye sahani yake. Tisa si kumi. Na kesho Ijumaa, keshokutwa meli inaondoka na karatasi za Nadjati, na ya baada yake hakuna anayeijua. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika kumi.

Ndipo nilipoziona nondo za dirisha zimeshikwa kwa mikono miwili.

"Djaouharia!" kichwa kikaingia. "Mwanamke, chungu changu kimelala! Jana nilikuwa na mke anayesema, leo sina mke wala wali?"

"Abdoulkarim," nikasema. "Njoo ndani."

"Mimi? Nije kwenye matambara yenu?"

"Njoo ukae saa moja."

Akatutazama mmoja mmoja, wote tisa, tumekaa kimya kama tunaopigwa picha. Akatazama ukuta, vile vioo viwili, na daftari la buluu mkononi mwangu. Sauti yake ikashuka.

"Ni kwa ajili ya yule msichana?"

"Ni kwa ajili yake."

Mikono ikaachia nondo. Kichwa kikatoka. Nikasikia ndara zake zikiondoka kichochoroni, na Djaouharia akasema "Mume wangu huyo," kwa aibu, akainamisha macho. Dakika sita. Nikawa nawaza niende nikamvute mtu yeyote msikitini, hata akiwa amelala. Dakika nne.

Ndara zikarudi. Alikuwa mlangoni, si dirishani, na mkononi ameshika kikombe cha bati kimejaa maji mpaka ukingoni, anakitembeza kama mtu aliyebeba yai.

"Chupa yenu imekauka," akasema, bila kunitazama. "Nimeona toka dirishani. Kitambaa kikavu kitawapa uongo. Si ulinieleza mara nne?"

Nikakipokea kikombe, nikajaza chupa, kitambaa kikanywa. Saa saba kasoro dakika moja. Djaouharia alishajisogeza, nafasi kando yake ikafunguka upana wa mtu mmoja.

"Vua ndara, jirani," nikamwambia. "Na ufunge mlango nyuma yako. Sahani yako hii hapa, ya kumi. Karibu ule."